Hamu ya Kula Inapotulizwa na Dawa: Mwongozo kwa Anayetumia Sindano ya Kupunguza Uzito

Kuna mambo matatu ambayo mtu anayeanza dawa ya kupunguza uzito anapaswa kuyatenganisha tangu siku ya kwanza. Njaa ni wito wa mwili unaohitaji chakula. Huja taratibu na huridhika na chochote kilichopo, hata kiporo cha ugali na mchicha. Uchu ni tamaa ya kitu mahususi, kama vile chipsi mayai, nyama choma, soda baridi au vitumbua vya asubuhi, nao humjia mtu hata tumbo likiwa limejaa. Kukinai ni kutosheka kiasi kwamba chakula kinachosha, ile hali inayomfanya mtu aisukume sahani ingawa pilau bado ipo. Sindano zinazotumika siku hizi, hasa semaglutidi na tirzepatidi, huyagusa yote matatu, lakini si kwa kiwango kimoja wala kwa wakati mmoja. Wengi wanaohangaika nazo ni wale walioambiwa kwamba wamepewa dawa ya kukonda, ilhali walichopewa ni dawa ya kubadilisha hamu ya kula, na uzito hufuata nyuma kulingana na namna mtu anavyokula katika hali hiyo mpya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameandikiwa dawa na daktari, au ambaye anafikiria kumwona daktari kuhusu jambo hilo. Hauchukui nafasi ya daktari huyo.

Hatua ya kwanza: Elewa dawa yako inafanya kazi wapi

Unapokula, chembe zilizo kwenye ukuta wa utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo hulichochea kongosho litoe insulini, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, na huupa ubongo habari kwamba mlo umefika. Homoni hiyo ya asili haidumu katika damu zaidi ya dakika 2 hivi kabla ya nusu yake kuvunjwavunjwa. Semaglutidi iliundwa kwa kuiiga na kuirekebisha ili isivunjwe upesi, kiasi kwamba nusu ya dozi bado imo mwilini baada ya wiki nzima, na ndiyo sababu hudungwa mara moja kwa wiki. Iliidhinishwa Marekani kwa kisukari cha aina ya pili mwaka 2017 kwa jina la Ozempic, kisha kwa unene mwaka 2021 kwa jina la Wegovy, ambayo ni dawa ileile katika dozi kubwa zaidi. Tirzepatidi, inayouzwa kwa majina ya Mounjaro na Zepbound, huiga homoni mbili, GLP-1 na nyingine iitwayo GIP. Liraglutidi, ambayo ni ya zamani kidogo, hudungwa kila siku.

Watu wengi hudhani kwamba dawa hizi hufanya kazi kwa kulifanya tumbo libaki limejaa. Hilo ni kweli kwa sehemu tu, na kuchelewa huko kwa chakula tumboni hupungua makali kadiri wiki zinavyopita. Kazi kubwa hufanyika kwenye ubongo, katika haipothalamasi, ambayo hupima akiba ya nguvu ya mwili, na katika shina la ubongo, ambalo hupokea habari za shibe na pia za kichefuchefu. Hapo ndipo uchu unapopungua. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017, watu 30 wenye unene walitumia semaglutidi kwa wiki 12, kisha wakaachwa wale kadiri walivyotaka: nguvu ya chakula walichokula ilikuwa pungufu kwa asilimia 24 wakilinganishwa na walipopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiungo chochote cha tiba na inayotolewa kwa ajili ya kulinganisha tu, na hamu yao ya vyakula vyenye mafuta mengi ilishuka kuliko hamu ya vyakula vingine. Wanaotumia dawa hizi hueleza jambo hilo kwa namna zinazofanana: chakula kiliacha kukaa kichwani mchana kutwa, na mtu akapita mbele ya duka la mikate bila kusimama.

Si kila dawa ya uzito hufanya hivyo. Orlistati, kwa mfano, haigusi hamu ya kula hata kidogo. Huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasisharabiwe, na anayekula chapati zilizojaa mafuta huku akiimeza ataliona tatizo lake chooni. Fentamini hupunguza njaa kwa kuuchangamsha mfumo wa fahamu, huweza kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na imekusudiwa kutumika kwa muda mfupi. Ushauri wa hatua zinazofuata unahusu sindano za jamii ya GLP-1, hivyo hakikisha kwanza kwamba ndiyo uliyopewa.

Hatua ya pili: Hakikisha dawa inakufaa na ni halisi

Kwa kawaida dawa hizi huandikwa kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake ni 30 au zaidi, au 27 na zaidi ikiwa ana ugonjwa unaoambatana na uzito, kama vile shinikizo la damu au kisukari. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia 30 akiwa na kilo 77 hivi, na 27 akiwa na kilo 69. Anayetaka kupunguza kilo 4 kabla ya harusi hakukusudiwa na dawa hii, nami ningemsihi aiache.

Mweleze daktari wako bila kuficha ikiwa wewe au ndugu wa damu amewahi kupata saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, ikiwa uliwahi kuugua kongosho au mawe ya nyongo, ikiwa una tatizo la macho lililotokana na kisukari, na ikiwa uliwahi kupitia kipindi cha kujinyima chakula kwa makusudi au kula na kujitapisha. Hilo la mwisho watu hulionea haya, lakini dawa inayozima hamu ya kula ikiangukia kwa mtu wa namna hiyo huweza kumrudisha palepale alipotoka. Mjamzito hapaswi kuitumia, na anayetarajia kushika mimba huacha semaglutidi angalau miezi 2 kabla. Wanawake wanaotumia tirzepatidi pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango wanahitaji kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya kuanza na kila dozi inapoongezwa, kwa sababu vidonge hivyo huweza kushindwa kufanya kazi ipasavyo.

Kuhusu uhalisi wa dawa, ninaomba usome aya hii mara mbili. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa katika nchi za Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu, yaani sindano iliyokwisha kujazwa dawa, inayouzwa kupitia ujumbe wa simu, bila boksi, bila namba ya toleo na bila duka la dawa lenye leseni, huwezi kujua ina nini ndani yake. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu. Mfamasia mwenye leseni ataweza kukuonyesha kama bidhaa unayoshika imesajiliwa. Vivyo hivyo, jihadhari na chai na vidonge vya mitishamba vinavyoahidi kukata hamu ya kula kwa siku 3, kwani bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, zikiwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo.

Yapo pia masuala ya ubaridi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, wala haipaswi kuganda. Ndugu anayekuletea kalamu kutoka Muscat au London akaiweka kwenye begi la mizigo amekutendea wema, lakini hakuna awezaye kusema dawa hiyo ilipitia joto gani, na iliyoharibika huweza isionyeshe tofauti yoyote kwa macho. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, muulize mfamasia dawa yako inaweza kukaa siku ngapi nje ya jokofu chini ya nyuzi 30, kwa kuwa muda huo hutofautiana kati ya dawa moja na nyingine.

Hatua ya tatu: Andika hamu yako ya kula kabla ya sindano ya kwanza

Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa ya thamani kubwa. Chukua daftari, na kwa siku 7 kabla ya kuanza dawa uandike kila unapokula au unapotamani kula: saa ngapi, kitu gani, kama ilikuwa njaa au uchu, nguvu yake kati ya 0 na 10, na ulikuwa unafanya nini wakati huo. Usijizuie chochote wiki hiyo. Lengo ni kujiona ulivyo.

Wiki ikiisha, soma ulichoandika. Mtu mmoja atagundua kwamba haumwi na njaa kabisa kabla ya saa 7 mchana, lakini kuanzia saa 10 jioni anadokoa mpaka anapolala. Mwingine ataona kwamba uchu wake wa vitu vitamu unafuatana na usiku aliolala vibaya, na mwingine kwamba hula mandazi 3 ya chai ya saa 4 kwa sababu wenzake ofisini wanakula. Dawa itapunguza nguvu ya tamaa hizo, lakini haitaiondoa saa 10 jioni kwenye siku yako wala haitawaondoa wenzako ofisini. Ukijua mapema mlango ambao tamaa yako hupitia, utaweza kuujengea desturi nyingine katika miezi ambayo dawa imekupa utulivu. Daftari hilo litakusaidia pia baadaye, kwa sababu baada ya miezi 3 watu wengi husahau jinsi walivyokuwa wakila na huanza kudhani dawa haikufanya kitu.

Hatua ya nne: Panda ngazi za dozi polepole

Semaglutidi ya unene huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na kila baada ya wiki 4 huongezwa: 0.5, kisha 1, kisha 1.7, hadi 2.4. Tirzepatidi huanza na 2.5 na kupanda kwa 2.5, isizidi 15. Dozi ya kwanza imewekwa ili mwili uzoee, wala haikukusudiwa kukata hamu ya kula. Kuna watakaohisi tofauti ndani ya siku 2, na kuna ambao hawatahisi lolote kwa mwezi mzima. Hali zote mbili ni za kawaida. Kuruka ngazi kwa sababu bado unasikia njaa ndiyo njia ya haraka ya kuishia kitandani ukitapika.

Utaona pia kwamba wiki ina mawimbi yake. Semaglutidi hufikia kilele chake katika damu kati ya siku ya 1 na ya 3 baada ya sindano, hivyo katika siku hizo hamu huwa chini zaidi na kichefuchefu huwa karibu, kisha siku ya 6 na ya 7 njaa hurudi kidogo. Mawimbi hayo hutulia baada ya wiki 4 au 5 za dozi ileile. Chagua siku ya sindano kwa kuangalia ratiba ya nyumbani kwako: kama Jumapili ndiyo siku ya familia kukaa pamoja mezani, usidunge Jumamosi. Andika siku hiyo kwenye kalenda, na ukiisahau sindano fuata karatasi ya maelezo ya dawa yako, wala usidunge mbili kwa pamoja ili kufidia.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya sindano ya kwanza, kwa kuwa kula kidogo huku dozi ya zamani ikibaki vilevile huweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi. Kutetemeka, jasho jembamba na moyo kwenda mbio ni dalili za sukari kushuka; ukiziona, unywe juisi au maji ya sukari papo hapo na upime.

Hatua ya tano: Kula kwa saa, usisubiri njaa

Maisha yako yote njaa imekuwa ikikuamsha na kukuelekeza. Dawa ikishaanza kufanya kazi, mlinzi huyo husinzia, na mtu huweza kufika saa 11 jioni akiwa amekunywa chai tu tangu asubuhi, huku akijipongeza. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa zaidi katika safari hii yote. Mwili usiopewa chakula cha kutosha haulipi deni lake kwa mafuta peke yake. Huchukua na misuli. Katika tafiti kubwa za dawa hizi, kati ya asilimia 25 na 40 ya uzito uliopungua haukuwa mafuta bali tishu nyingine, misuli ikiwa miongoni mwake. Kwa kijana hilo huweza kuonekana dogo, lakini mama wa miaka 62 aliyepoteza misuli ya mapaja ataliona anapoinuka kutoka kwenye kiti cha chini.

Kwa hiyo weka nyakati 3 au 4 za kula kwa siku, na uzifuate kama unavyofuata saa za dawa. Saa ikifika, kula, hata kama ni kidogo. Katika kila mlo anza na protini, kwa sababu tumbo litajaa mapema na kile kilichotangulia ndicho kitakachoingia. Desturi yetu ya kuanza na tonge kubwa la ugali huku kitoweo kikisubiri mwisho inakuwa na hasara hapa: ukishiba katikati ya ugali, samaki atabaki sahanini. Geuza mpangilio, kitoweo kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho.

Kiasi cha protini kinachopendekezwa kwa watumiaji wa dawa hizi mara nyingi huanzia gramu 60 hadi 75 kwa siku, na daktari wa mwenye ugonjwa wa figo atampa kipimo chake mwenyewe. Kiasi hicho hakihitaji unga wa kopo wa bei ghali. Mayai 2 yana gramu 12, glasi ya maziwa au mtindi ina 8, kipande cha samaki au kuku kilichopikwa chenye gramu 100 kina 23 hivi, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Hapo umekaribia 60. Dagaa ni msaada mkubwa kwa mwenye tumbo dogo, kwa kuwa protini nyingi imo ndani ya kiganja kimoja, ilimradi wasikaangwe mpaka waelee kwenye mafuta. Siku ambazo kutafuna kunachosha, uji mwepesi wa ulezi uliochanganywa na maziwa, au supu ya kuku iliyoondolewa mafuta ya juu, huteremka kwa urahisi zaidi kuliko nyama.

Maji nayo huhitaji saa, maana kiu hupungua pamoja na njaa. Lita 2 hivi kwa siku, kwa mafundo madogo na kati ya mlo na mlo, zitakuepusha na maumivu ya kichwa na choo kigumu. Bamia, mchicha, papai na kunde zitasaidia upande huo pia. Ongeza mazoezi ya kutumia nguvu mara 2 au 3 kwa wiki: kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10 kwa mizunguko kadhaa, kusukuma ukuta, kubeba ndoo mbili za maji zilizo sawa. Misuli hubaki pale inapotumiwa.

Hatua ya sita: Tofautisha kukinai na kuugua

Katika utafiti wa semaglutidi uliohusisha watu 1,961 kwa wiki 68, wastani wa uzito uliopungua ulikuwa asilimia 14.9, dhidi ya 2.4 kwa waliopewa dawa bandia. Upande wa pili wa matokeo hayo hauzungumzwi sana: karibu watu 44 kati ya 100 wanaotumia dozi hiyo hupata kichefuchefu, na 24 kati ya 100 hutapika. Kwa wengi mambo haya huja dozi inapopandishwa na kupungua baada ya siku au wiki chache.

Kichefuchefu kingi husababishwa na kula kwa mazoea ya zamani katika tumbo jipya. Ishara ya kukinai sasa huja mapema na kwa ghafla. Kati ya kijiko kinachoridhisha na kijiko kinachotapisha huweza kuwa na tofauti ya vijiko 2. Tumia kisosi badala ya sahani, kula polepole, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na simama pale unapohisi kucheua, kwikwi au uzito chini ya kifua. Vyakula vya mafuta mengi ndivyo vinavyoumiza zaidi kwa sababu hukaa tumboni muda mrefu: sambusa, viazi karai, kuku wa kukaanga, mchuzi wa nazi nzito. Huhitaji kuviapia kuviacha. Kuonja sambusa moja baada ya kula protini yako ni tofauti na kuanza nazo 4 tumbo likiwa tupu. Usilale mara baada ya kula, na ukipata kiungulia usiku sogeza mlo wa mwisho uwe mapema.

Watu wachache hufika mahali ambapo raha ya kula inatoweka kabisa, chakula kinakuwa kama kazi, na pengine moyo nao unakuwa mzito. Mwambie daktari. Dozi inaweza kuteremshwa ngazi moja, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa dozi nzuri ni ile inayokuachia hamu ya kutosha kukulisha.

Hatua ya saba: Mezani na watu, na mwezi wa kufunga

Katika nyumba zetu, kukataa chakula ni kumkataa aliyepika. Amua mapema utasema nini. Kwa mama mkwe aliyekuongezea upawa wa tatu, neno kama “Nimeshiba, mama, Mungu akubariki mikono, nifungashie kidogo nikale nyumbani” hulinda heshima ya pande zote mbili, na si lazima umweleze habari za sindano. Kwenye shughuli, pakua mwenyewe kabla ya kupakuliwa, na kaa na sahani yako mbele yako, kwani sahani tupu ndiyo inayoita upawa.

Wanaofunga Ramadhani wanahitaji mpango wa peke yake. Zungumza na daktari mapema ili dozi iwe imetulia wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na usianze dawa wala kupandisha dozi ndani ya mwezi wenyewe. Hatari iliyo karibu ni kupungukiwa maji, kwa sababu mtu hana kiu wakati wa futari, halafu daku anailalia. Futuru kwa tende moja au mbili, maji, na uji au supu, sali, kisha urudi kwenye mlo wenye samaki, kuku au kunde, ukiacha kaimati na mihogo ya nazi ziwe za kuonja. Ukitapika au kuharisha mfululizo katika mwezi huo, mwili wako una ruhusa ya mgonjwa.

Hatua ya nane: Jua dalili zisizosubiri asubuhi

Nenda hospitali bila kuchelewa ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hasa yanayopenya hadi mgongoni, kwa kuwa hiyo huweza kuwa dalili ya kuvimba kwa kongosho. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, homa au macho kuwa ya manjano huashiria kibofu cha nyongo, ambacho hupata mawe kwa urahisi zaidi mtu anapopungua kwa kasi. Kutapika kunakokuzuia kuweka hata maji kwa siku nzima, mkojo mchache wenye rangi nzito, na macho kuona vibaya kwa ghafla ni mambo ya daktari pia. Na ukipangiwa upasuaji wowote, mwambie mtaalamu wa nusukaputi kwamba unatumia dawa hii, maana chakula huweza kuwa bado kimo tumboni hata kama umefunga usiku kucha kama ulivyoelekezwa.

Hatua ya tisa: Jiandae kwa hamu inaporudi

Uchu huweza kurudi hata ukiwa bado unatumia dawa, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi kupitia mlango uleule ulioandika kwenye daftari. Hiyo haimaanishi kwamba dawa imekufa. Rudia zoezi la siku 7, linganisha na la kwanza, na uone kama kinachorudi ni njaa ya kweli ya mwili usiolishwa vya kutosha, ambayo tiba yake ni kula vizuri zaidi mchana, au ni desturi. Wapo pia ambao dawa haiwafai: katika ule utafiti wa wiki 68, karibu watu 14 kati ya 100 waliopewa dawa hawakupunguza hata asilimia 5 ya uzito wao, na mtu wa namna hiyo hana kosa wala uzembe wa kujilaumu.

Kuacha dawa ni jambo la kupanga na daktari kama lilivyopangwa la kuanza, na gharama ihesabiwe tangu mwanzo, kwa sababu wengi huacha si kwa kuwa wamepona bali kwa kuwa fedha zimekwisha. Walioacha semaglutidi baada ya utafiti huo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na kwa wastani walirudisha theluthi mbili za uzito waliokuwa wameupunguza. Unene ni ugonjwa wa muda mrefu kama lilivyo shinikizo la damu, na ubongo ulionyimwa ile homoni hudai akiba yake ya zamani kwa nguvu.

Ikiwa unaacha, usiache katika wiki za sikukuu wala katika kipindi cha msiba au kuhama nyumba. Dawa itaendelea kutoka mwilini kwa wiki 5 hivi baada ya sindano ya mwisho, hivyo utulivu wa wiki ya pili usikudanganye. Endelea na saa zako za kula, anza kila mlo na kitoweo, na usipunguze mazoezi ya nguvu. Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai, na uandike kwenye daftari lilelile. Ukiona umeongezeka kilo 3 juu ya ulizoachia, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo, ukiwa na daftari mkononi.